Hina Mbichi, Barua Moja

Hapo zamani, na kwa asiye na kazi zamani ni juzi Jumanne, meli kubwa kama mtaa mzima ilitia gati Kilindini. Ilishusha watalii elfu mbili, na saa kumi na moja jioni ilikuwa ing'oe nanga. Mombasa yote kwa siku moja! Mimi nimezaliwa hapa na sijaimaliza.

Bwana Mselem, mwenye kampuni ya kutembeza watalii, alichukua vibarua watatu wa siku hiyo. Mkamburi, digrii ya hisabati. Shufaa, binti wa Mji wa Kale, digrii ya sheria. Kalume, digrii ya uhandisi. Kazi yenyewe? Kuinua kibao cha namba na kusema "this way, please." Digrii tatu, kibao kimoja. Tucheke ama tulie?

"Nina barua moja ya kazi ya permanent," Mselem aliwaambia, akiipeperusha mbele ya pua zao. "Jina sijaandika. Atakayenifaa leo ndiye nitakayemwandika."

Wakakimbia. Fort Jesus, picha, twende. Meno ya ndovu ya barabarani, picha, twende. Sokoni kwa viungo, chafya, twende. Mji wa Kale, twende, twende, twende!

Sasa Mselem alikuwa na mfumo wake. Kila mtalii alibandikwa stika kifuani, na akirudi basini aliibandua akaikabidhi mlangoni. Stika arobaini zikitimia, basi linaondoka. Vichwa havihesabiwi. "Mtalii si mbuzi," alisema.

Saa tisa na nusu Mkamburi alikuwa na stika arobaini mkononi. Hata hivyo akapita katikati ya viti, akihesabu kwa macho, akarudi mlangoni.

"Bosi, vichwa thelathini na tisa."

"Stika ngapi?"

"Arobaini. Yule mzee wa mbele alinipa mbili. Moja aliiokota chini."

"Basi zimetimia! Dereva, twende!"

"Bosi, stika haipandi meli." Akaketi kwenye ngazi ya mlango. "Nikanyageni mpite."

Aliyekosekana alikuwa Bi Ingrid, mjane wa miaka sabini na mitano, anayesafiri peke yake. Dawa zake za moyo zimo melini, na meli haingoji bibi wala babu.

Shufaa akashika kichwa. "Ni mimi, jamani. Aliwaona wanawake wakipaka hina kwenye nyumba ya harusi. Nikamwambia ingia, waombe ua moja, dakika tano."

"Sheria miaka minne," Kalume akamfokea, "na hujui dakika tano za nyumba ya harusi?"

Wakatoka mbio wawili hao. Mkamburi akainuka mlangoni, basi likaondoka na waliokuwamo kwenda bandarini.

Kalume akabaki barazani, maana mwanamume haingii. Ndani, Bi Ingrid amefungwa leso, hina mbichi mpaka viwikoni, analishwa mahamri na anacheka kama aliyezaliwa pale.

"Shikamoo, Bi Thureya," Shufaa akamwamkia mwenye nyumba. "Nimemfuata mgeni wangu, meli inaondoka."

"Marahaba, mwanangu. Nayo iondoke. Nyumba hii hatoki mtu na hina mbichi. Bi harusi wangu akipata nuksi, utamlipa wewe?"

Shufaa akatazama saa. Kubishana na Bi Thureya ni kazi ya siku tatu. Akavua viatu, akaketi mkekani, akanyoosha mikono.

"Nipakeni mimi. Nitakaa mahali pake mpaka yangu ikauke."

Bi Thureya akamtazama. "Wakili wewe?"

"Digrii ninayo, bibi."

"Na kazi?"

Shufaa akamsogezea mikono. Alijua atakayekaa pale hatakuwapo bandarini barua ikiandikwa.

"Haya," Bi Thureya akasema. "Mzungu atoke."

Nje hakuna gari linalosogea. Kalume akaazima mkokoteni wa muuza maji, akampandisha bibi wa watu, mikono juu kama anaomba dua, akaanza kusukuma. "Kando! Hina mbichi! Kando!" Na watu wa Mombasa, ambao hawapishi hata ambulensi, wakapisha! Wanawake wakampigia vigelegele. Walipofika Mwembe Tayari soli ya kiatu chake cha interview ikang'oka. Hana kingine. Akasukuma.

Akafika gatini ngazi ya meli inataka kuvutwa. Bi Ingrid akapanda, akipunga mikono yenye hina.

Mselem akatoa barua. Akatoa kalamu.

"Nisingehesabu," akasema Mkamburi, "mngegundua meli ikiwa Zanzibar."

"Uligundua kosa lako!" Kalume akahema. "Stika mbili ulizipokea wewe. Mimi nimesukuma. Look at this shoe!"

"Ungesukuma nini, bila Shufaa kumtoa?"

"Shufaa ndiye aliyemwingiza!"

Simu ya Mselem ikalia. Alikuwa Shufaa, bi harusi amemshikia simu sikioni.

"Bosi, mimi ndiye niliyemwingiza, na mimi ndiye niliyemtoa. Andika unavyoona haki. Mikono yangu haijakauka."

Mselem akaitazama karatasi. "Wote mmenifaa. Wote mmeniua. Na nafasi ni moja, bana, moja!"

Sasa nyinyi mliokaa hapa. Msiniambie wagawane barua, haigawiki. Msiniambie ampe mpwa wake, mpwa wake yuko ofisini tangu mwaka jana, hana hata cheti cha kidato cha nne. Na wenye subra-huvuta-heri, tafadhali nyamazeni, tumeivuta imekatika.

Kalamu iko hewani. Aliyehesabu, aliyekaa, aliyesukuma: je, liandikwe jina la nani?