Siwatu na Mikono ya Nyamvula

Sogeeni, wanangu, mpate hadithi yenu ya leo. Hapo kale Siwatu na jirani yake Nyamvula waliponda kokoto machimboni, ujira wao unga wa siku moja. Rundo la Nyamvula lilipanda upesi, la Siwatu likadumaa. Wivu ukamkereketa Siwatu hata usingizi ukamruka.

Karibu na machimbo palikuwa na mwamba, na zimwi lililokaa humo; Siwatu akaliendea. "Nipe mikono ya Nyamvula!"

"Na yako nimpe yeye?"

"Mpe, yanini kwangu?"

Papo hapo ikabadilishwa. Siwatu akaponda, akaponda, akaponda, rundo likampita kimo. Akarudi kwake na unga tele, akasonga ugali. Akamlisha mwanawe, mtoto akatema. Akamwogesha, mtoto akalia. Akambembeleza, mtoto akamsukuma: "Hii si mikono ya mama!"

Mara Nyamvula akapita mlangoni, akilia kwa ajili ya mikono asiyoijua. Mtoto akamkimbilia, akavishika vile vidole, akaviweka shavuni, akanyamaza.

Siwatu akakimbilia mwambani. Zimwi lilikwisha kuhama.

Tangu hapo mtoto hakukubali kulishwa ila na Nyamvula, na kila jioni Siwatu humpelekea Nyamvula sufuria ya ugali, akasimama mlangoni, roho ikimchoma, akitazama mwanawe akilishwa kwa mikono iliyokuwa yake.

Mimi nimefika kituoni, maneno nimewaachia.