Ncha ya Pili

Sindano ya kimya ina ncha mbili.

Vijana walioajiriwa karibuni katika dobi ya hospitali moja ya milimani, kule Upare, waliusikia msemo huo asubuhi kwa msimamizi wao alipokuwa akiwagawia glavu. Wakati wa chai wakamwuliza Mzee Mbwambo, ambaye zamani alichochea moto wa kuchemshia maji mahali hapo. Siku hiyo alikuwa amekuja kliniki ya macho, na kila akija hospitali lazima apite kuwasalimu wafuaji.

"Babu, hiyo ni sindano gani? Tunazozijua sisi zina ncha moja tu."

Mzee akacheka, akaiweka fimbo yake kando. "Methali hii wahenga hawaijui. Ilizaliwa humu humu, nami nilikuwapo. Sikilizeni ilivyokuwa."

Zamani hizo mashine zinazonguruma leo hazikuwapo. Palikuwa na birika pana la saruji, na akina mama waliingia ndani yake, wakakunja kanga zao magotini, wakayakanyaga mashuka ya wodi kwa miguu. Walikanyaga kwa wimbo. Mmoja aliongoza, "Shuka la mgonjwa!" na wenzake wakaitikia, "Toka doa!" Miguu ikashuka pamoja, povu likaruka. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua barazani walitikisa vichwa kwa kufuata mdundo ule, na wapo waliosema kwamba walipona kwa wimbo kabla ya dawa.

Hospitali iliwapa viatu vya mpira na glavu nene. Vyote vilining'inia ukutani, vikavu. Akina mama walisema mpira hauna mdundo, na mguu uliovaa kiatu hauimbi. Sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka ilipomchoma mtu, wakaiita mbu wa wodi. Aliyechomwa aliuma meno akaendelea, maana aliyekatiza wimbo aliitwa Kamba Mbovu juma zima, na hata sokoni watu walimsalimu kwa jina hilo.

Muuguzi mkuu, Sista Elieka, alikuwa ameshawaonya. "Damu ya mgonjwa inaweza kubeba maradhi yasiyoonekana kwa macho. Ukichomwa, njoo saa ile ile. Dawa ya kinga tunayo, lakini haingoji. Kila saa inayopita inaipunguza nguvu, na zikipita siku tatu haina kazi tena." Wakaitikia kwa adabu, "Ndiyo, Sista," wakarudi birikani bila viatu.

Miongoni mwao alikuwamo Naelijwa, binti mpole aliyekuwa na mtoto anayenyonya. Aliyemtafutia kazi ile ni Namkunda, mama wa makamo, kiongozi wa wimbo. Naelijwa aliimba kwa sauti ndogo hata wenzake wakamwuliza kama anaimba au anapiga miayo. Lakini asubuhi moja Namkunda aliamka na mafua, sauti imekauka.

"Leo utaongoza wewe," akamwambia Naelijwa.

"Mimi, mama? Watanicheka."

"Wakikucheka, ongeza sauti."

Naelijwa akaongoza. Mwanzoni sauti ilitetemeka, kisha ikapanda, ikajaa chumba. Akina mama wakatazamana kwa mshangao. Hakuwahi kujisikia mkubwa namna ile. Akainama kulipindua shuka lililojikunja, na kitu kikamchoma chini ya kidole gumba. Akaona sindano, na tone la damu. Alipoichomoa sindano, ikamponyoka, ikazama kwenye povu.

Alijua anachopaswa kufanya. Alimkumbuka mwanawe, akayakumbuka maneno ya Sista. Lakini wenzake walikuwa wakisubiri ubeti unaofuata, na Namkunda alikuwa akitabasamu. "Wimbo ukiisha nitasema," akajiambia. Akaficha kidole kwenye kanga, akaimba. Ubeti ulipokwisha, mwingine ulikuwa tayari mdomoni.

Ndipo alipomwona Namkunda akikosea hatua. Mguu wake ulichelewa kidogo, uso ukakaza, meno yakabana, kisha akaendelea kukanyaga kama kwamba hakuna lililotokea. Naelijwa aliutambua uso ule, kwa maana ndio uliokuwa wake mwenyewe muda mfupi uliopita. Pale aliposimama Namkunda, povu lilianza kuwa jekundu.

Naelijwa akanyamaza. Miguu ikagongana, maji yakamwagika.

"Kamba Mbovu!" mmoja akapaza sauti. "Wee! Siku ya kwanza tu kuongoza!"

"Mama Namkunda, umechomwa," alisema Naelijwa.

"Ni mbu wa wodi. Imba, mwanangu, usiniaibishe."

"Si mbu. Ni sindano ile ile iliyonichoma mimi. Niliiacha humu majini."

Namkunda akamtazama. "Imekuchoma lini?"

"Tulipoanza tu."

"Nawe ukaendelea kuimba?"

"Mama, na wewe je?"

Hakuna aliyecheka. Namkunda alitoka birikani akichechemea, akamshika Naelijwa mkono, wakaenda pamoja kwa Sista Elieka. Njiani Naelijwa alitaka kunyonya kidole, kama walivyozoea wote. Sista alimwahi mlangoni.

"Usikinyonye! Wala usikamue. Njooni hapa bombani, sabuni na maji yanayotiririka." Alipokuwa akiwaosha wakamweleza yote, naye akamwuliza Naelijwa taratibu, "Kwa nini hukuja mara moja?"

Kabla binti hajafungua mdomo, Namkunda alijibu. "Usimwulize yeye, Sista. Sisi ndio tuliomfundisha kunyamaza."

Sista akainamisha kichwa. "Na shuka hilo limetoka wodini kwangu. Sindano haikupaswa kuwamo. Hapo kosa ni letu."

Wakaanza dawa siku hiyo hiyo, wakaimeza mwezi mzima. Iliwatia kichefuchefu, ikawanyima hamu ya chakula. Naelijwa ilimbidi amwachishe mwanawe ziwa kwa ushauri wa Sista, na mtoto alipolilia ziwa, mama alilia naye. Kila jioni Namkunda alipanda kilima hadi nyumbani kwake ili wameze dawa pamoja. Walikaa wakisubiri kichefuchefu kipungue, wakizungumzia mavuno na harusi za watu, jambo lolote isipokuwa lile walilokuwa wakiliogopa. Vipimo vilirudiwa, wakasubiri, vikarudiwa tena. Siku majibu ya mwisho yalipotoka, wote wawili walikuwa salama. Namkunda, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alilia pale pale mlangoni pa maabara.

Aliporudi dobi pamoja na Naelijwa, wenzake walikuwa tayari birikani, nao sasa walikuwa wamevaa viatu vya mpira. Wodini nako kulikuwa na masanduku magumu ya kutupia sindano, na hakuna shuka lililotoka bila kukaguliwa. Akina mama wakawazunguka wakitaka habari. Namkunda akainua mguu akawaonyesha kovu dogo.

"Sindano ile iliumbwa na ncha moja," akasema, "nayo ilimchoma Naelijwa. Hii iliyonichoma mimi ilikuwa ya pili. Kiwandani haikuwekwa. Tuliichonga sisi wenyewe hapa, kwa kunyamaza. Kuanzia leo, anayekatiza wimbo kwa sababu amechomwa ndiye kiongozi wetu."

Kisha akamgeukia Naelijwa, akamwambia aanze. Wakaimba kwa viatu. Mdundo haukuwa ule wa zamani. Ulikuwa mzito, wa chwa-chwa-chwa, lakini wagonjwa barazani walitikisa vichwa vilevile.

Mzee Mbwambo aligeuza kichwa kusikiliza mashine. Namkunda alikwisha kufa, akasema, kwa uzee, kitandani pake, wajukuu wamemzunguka. Naelijwa bado yupo, na yule mtoto wake sasa ana watoto. Wimbo tu ndio uliokwenda na birika, na yeye mzee hujikuta akiutafuta kila apitapo mlango ule.

"Kwa hiyo, wanangu, ikikuchoma, piga kelele," alisema. "Simamisha kazi yote. Usione haya, kwa ajili yako na kwa ajili ya aliye karibu nawe. Sindano ya kimya ina ncha mbili."