Lori Lililonguruma Kiangazi

Mtu mmoja alikuwa na lori moja na matairi ya namna mbili. Jina lake Lutengano, msafirisha viazi na ndizi katika vilima vya Rungwe, ambako mvua ikianza barabara hugeuka uji. Matairi ya masika yalikuwa na meno marefu ya kung'ata tope. Ya kiangazi yalikuwa na mistari myembamba tu, nayo yalipita kimya juu ya udongo mkavu. Kila msimu ulipogeuka Lutengano alitoa jeki, akafungua haya, akafunga yale, mkewe Tusekile akimshikia spana. Ilikuwa kazi ya jasho, lakini waliifanya kwa vicheko.

Mwaka mmoja mvua iliwahi. Ilimkuta mlimani, angali na matairi ya kiangazi. Lori likateleza, likalala mtaroni na shehena nzima ya ndizi. Hakuumia mtu. Lakini ndizi ziliiva humo humo, zikaoza, na wapita njia wakampa jina: Dereva wa Jua. Jina hilo lilimchoma. Akafunga matairi ya meno, akaapa kwamba hayatoki tena.

Masika yakapita. Jua likaikausha barabara, ikawa ngumu kama sakafu. Watu wakavua makoti. Lutengano hakuvua matairi. Lori lilinguruma kama mashine ya kusaga, likawatikisa watu mpaka vifuani. Tusekile, aliyezoea kupiga soga naye safari nzima, alijaribu kupaza sauti, akachoka, mwishowe akawa anabaki nyumbani. Kila aliyemwuliza tope liko wapi alijibiwa kwamba litakuja. Na hapo Lutengano hakusema uongo.

Lilikuja wiki ya harusi ya binti yao. Siku yenyewe lori likajazwa ndizi, viazi na masufuria ya kuazima, Tusekile akaketi mbele na mumewe, na shangazi za bibi harusi wakapanda juu ya mzigo wakiimba. Njiani walikuta madereva wengine wamechuchumaa mvuani na jeki zao, wanabadili matairi. Lutengano akawapungia mkono kama mtu aliyekwishamaliza mtihani. Kisha akaukabili mlima. Lori likapanda kidogo, likasita, likaanza kurudi nyuma polepole, kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Likaketi mtaroni.

Nyimbo zikakatika. Lutengano akashuka, akapitisha kiganja juu ya tairi. Lilikuwa laini kama kibuyu. Akailaumu mvua, akamlaumu aliyemwuzia, akailaumu barabara na walioichonga. Tusekile naye akashuka, viatu mkononi, akainama akalipapasa tairi lile lile, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, akasema:

"Baba Gwakisa, meno uliyamaliza kwa kutafuna mawe ya kiangazi. Leo tope limeandaliwa mezani, na wewe ni kibogoyo."

Shangazi walicheka mpaka mmoja akateleza, akakaa kwenye tope, akaendelea kucheka akiwa hapo hapo. Lutengano alikunja uso. Alijitahidi kuukunja zaidi, akashindwa, naye akacheka, na kicheko hicho kilimtoka kwa nguvu kama kitu kilichofungiwa muda mrefu. Wale madereva aliowapungia mkono wakafika, wakafunga mnyororo, wakalivuta lori. Ili kupunguza uzito, shangazi walipandisha mlima wakiwa na mikungu ya ndizi kichwani, na wimbo wakauanza upya. Chakula cha harusi kililiwa jioni badala ya mchana, na bibi harusi akacheza na baba yake, suruali imekakamaa kwa udongo.

Ndugu yangu, aliyekuumiza mwaka ule alikuumiza kweli. Sitakudanganya kwamba hukuteleza. Ulikuwa na haki ya kufunga meno. Lakini mvua ile ilikwisha zamani, barabara imekauka, na walioketi pembeni yako ni watu wanaokupenda. Mbona bado unanguruma?