Nungunungu Alipokosa Jivu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji, na mji ukawa na lango. Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna muhogo, tafuna kimya kimya, nisikike.

Hapo zamani za kale Fisi aliingia mji wa wanyama akijifanya amekuja matangani, akala watoto wanne. Mfalme akawaka hasira, akamweka Kifaru langoni. Kila mwezi ulipoandama, wenyeji walipakwa jivu la jiko la mfalme kwenye paji la uso. Kifaru haoni vizuri, lakini pua anayo! Mwenye harufu ya jivu, pita. Asiye nayo, rudi.

Siku moja nyoka alimuuma mtoto wa Paa mguuni. Paa akamlilia Nungunungu, mganga wa mji ule: "Shoga yangu, mwanangu anakufa!" Nungunungu akatoka mbio kwenda porini kuchimba mzizi. Akaupata. Ila njiani akavuka mto, maji yakamfika masikioni, jivu lote likaenda zake. Wala hakukumbuka.

"Hodi! Nimeleta dawa!"

Kifaru akanusa. "Sikujui. Rudi."

"Mimi Nungunungu! Nimezaliwa humu!"

"Sikujui. Rudi."

Huko ndani Paa akapiga kelele: "Nungu weee, sumu imefika kifundoni!"

Nungunungu akamsogezea Kifaru mzizi puani. "Nusa, ni dawa hii!"

"Harufu ngeni. Rudi."

"Nungu weee, sumu imefika gotini!"

Nungunungu akapiga magoti. "Kifaru, nawe si una watoto?"

"Ninao. Ndiyo maana hupiti."

"Nungu weee, sumu imefika pajani!"

Nungunungu miiba yote ikamsimama kwa hasira. Dawa anayo, kilio cha mama anakisikia, na njia imezibwa.

"Basi niambie, mkaidi we, asiye na jivu huingiaje?"

"Mwenyeji aje hapa, aseme: nimemwita mimi, akileta balaa ni langu."

"Kumbe njia ipo! Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Loo! Nungunungu akamwita Paa kwa sauti yake yote, akamwambia la kusema. Paa akaja mbio, mtoto mgongoni, kichwa kinaning'inia.

"Nimemwita mimi! Akileta balaa ni langu!"

Kifaru akasogea. Papo hapo langoni Nungunungu akautafuna mzizi, akaubandika kwenye jeraha, maji yake akamkamulia mtoto kinywani. Wakangoja. Wakangoja. Wakangoja. Mtoto akakohoa.

"Mama, kiu."

Alipona, lakini mguu haukupona. Mpaka leo anachechemea, na kila Paa apitapo na mwanawe langoni, Kifaru humsalimu. Paa haitikii.

Basi ndugu zangu, ukipewa kulinda mlango, waambie wenzako na jinsi unavyofunguliwa, kabla hawajauliza. Hadithi yangu imeishia hapo langoni. Mimi nilitaka kuingia ninywe uji wa mgonjwa, Kifaru akaninusa, nikarudishwa kwenu na njaa yangu.