Aliyemwinua Wamuyu Kitini

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwao, maana mwishoni nitamdai kila mtu jibu.

Kule Kiaruhiu, upande wa baridi chini ya milima ya Nyandarua, palikuwa na watu watatu. Mbuthia alikuwa fundi viatu. Ngozi iliyokufa ikipita mikononi mwake, hufufuka. Nyakeru aligonga karing'aring'a, ile pete ya chuma inayofuatana na kodiani katika ngoma ya mwomboko. Wimbo ukimwingia sikioni hautoki. Kariithi, mgane anayepima maziwa ya kijiji, alijaliwa miguu. Akicheza, hatua mbili na kuinama, hatua mbili na kuinama, hata wasiompenda walinyamaza.

Na palikuwa na Wamuyu, ambaye kipaji chake kilikuwa kusubiri.

Mumewe Gichuki alikuwa mpiga kodiani. Kila harusi yeye alivuta na kusukuma, naye Wamuyu alikaa kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani. Mpigaji hachezi, jamani, mikono yake iko kazini. Na mkewe akacheze na nani, watu wasiseme? Miaka arobaini na mmoja alitazama wake za wenzake wakizungushwa. Walimwambia ana bahati, muziki ni wake. Yeye alijua muziki ulikuwa wa wote isipokuwa yeye.

Gichuki alipoona siku zake zimekwisha, aliita wazee wawili. Kodiani isiuzwe, akasema, wala watoto wasiigombanie. "Ni ya atakayemwinua Wamuyu kitini akacheze. Mimi nilishindwa. Na yeye mwenyewe ndiye atakayeikabidhi."

Akafa. Sasa sikieni kosa la Wamuyu, wala msimcheke, nyanya zenu wangefanya lile lile. Kodiani aliitundika jikoni juu ya moto, pale tunapotundika mahindi ya mbegu yasiliwe na wadudu. Mwaka mzima akapika chai ya mtu mmoja chini yake, akiisimulia habari za kijiji. Moshi ukaikausha ngozi, joto likayeyusha nta inayoshikilia zile ndimi za bati zilizomo ndani. Siku alipoishusha aivute kidogo tu, ikakohoa kama mzee wa ugoro, ikanyamaza. Wamuyu akaketi kwenye majivu. Alikuwa amefiwa mara ya pili.

Mbuthia akasikia. Alifunga kibanda siku kumi na tisa, viatu vya watu vikarundikana, mwalimu akaenda kufundisha na kandambili. Akakata ngozi ya mbuzi, akaikunja kunjo kwa kunjo, akatwaa nta anayopaka nyuzi zake, akapachika ulimi mmoja mmoja. Kodiani ikapumua. Ila Mbuthia alijua kuipa pumzi tu; kuipiga hakujua.

Nyakeru akasikia. Huyu watu walimsema. Miaka ishirini kukaa ubavuni kwa mume wa mtu! Mimi sisemi, nasema tu kwamba walisema. Jumapili mchana akavuka mto na gauni la maua, akasimama mlangoni pa Wamuyu; Mbuthia alikuwa ndani, amerudisha kodiani.

"Mama Njoki, kuna wimbo Gichuki alikutungia. Aliona haya kuupiga mbele ya watu."

"Kwako hakuona haya, mke mwenzangu?"

Nyakeru akaingia. "Alitaka kujua pete iingie wapi. Niliusikia mara moja."

Akaketi, akaitwaa kodiani, akatafuta vifungo kwa vidole vya mtu aliyetazama miaka ishirini bila kugusa. Wimbo ukachechemea, kisha ukanyooka, naye akauimba. Jina la Wamuyu limo ndani yake. Wamuyu akalia, lakini hakuinuka. Ainuke akacheze na nani?

Kariithi alikuwa uani, amerudisha kopo la maziwa. Akalitua, akafuta viganja kwenye koti, akaingia na kumnyooshea mikono yote miwili.

"Mguu wangu wa kushoto ni mbovu siku hizi," akasema. "Nishike, Mama Njoki, nisianguke."

Wamuyu akasimama upesi amsaidie. Kumbe ule mguu haukuwa na kitu! Hatua mbili, wakainama. Hatua mbili, wakainama. Mama wa miaka sitini na minane, mara yake ya kwanza.

Wimbo ulipokwisha, Wamuyu akaketi na kodiani mapajani. Mbuthia akasema bila pumzi hakuna wimbo. Angeitundika kibandani, kila apitaye sokoni aione. Nyakeru akasema bila wimbo pumzi ni upepo; angevuka nayo mto, kwa kuwa ndiye pekee awezaye kuipiga. Akaongeza kwa sauti ndogo kwamba hata kwake kuna kikombe kimoja tu. Kariithi akasema hajui kifungo hata kimoja, lakini bila mikono yake Wamuyu angekuwa angali kitini. Akipewa, ataiacha pale pale mezani, awe anakuja kuifuta vumbi kila Jumapili.

"Vumbi gani hilo la kila Jumapili?" Nyakeru akauliza, na Kariithi akatazama kofia yake.

Basi pimeni. Akimpa Mbuthia, itatazamwa na wote, isisikike. Akimpa Nyakeru, itaimba, lakini jina lake litaimbwa ng'ambo ya mto, kwa mwanamke ambaye kijiji kilimwita mke mwenziwe. Akimpa Kariithi, itabaki nyumbani ikiwa bubu, na mwanamume mlangoni, na midomo kama yangu nyuma ya ua.

Chai imepoa. Watatu wanangoja. Wamuyu ameshika mikanda ya kodiani, na neno la marehemu halirudishwi. Mimi jibu langu ninalo na silitoi. Haya, anza wewe uliye karibu na mlango: ungekuwa Wamuyu, ungemkabidhi nani?