Kikombe cha Nabii na Kiti cha Muthee

Kikombe cha ajaye kisimnyime aliyefika. Asubuhi hii mmemsikia Mzee Muthee akiyasema maneno hayo mlipokuwa mkipanga meza ya Pasaka, mkaja kuniuliza yametoka wapi. Kaeni basi, wala msiguse zabibu zile. Chanzo chake ni hiki.

Miaka hiyo jumuiya yetu ya Wayahudi hapa Gatimu ilienea sebule moja. Wake kwa waume walisoma Torati pamoja, na mwalimu alikuwa Tirza Wangeci, mama mpole asiyechoka kuulizwa. Muthee, mkulima wa viazi, alikuja baada ya kufiwa na mkewe. Alitaka kuwa mmoja wao. Kila Sabato alikaa nyuma karibu na mlango, akasikiliza, akaenda zake bila kuuliza neno. Alikolelewa, mzee aliyeuliza mbele ya watoto alijishushia heshima.

Pasaka ilipokaribia, Tirza alimpa kazi mbili. Ya kwanza, alete mboga chungu, maana usiku ule Wayahudi huonja uchungu ili kuukumbuka utumwa wa Misri. Ya pili ndiyo iliyomnyima usingizi. Desturi ya jumuiya ni kwamba watoto wakishauliza maswali yao manne, mwanafunzi mpya naye huuliza lake, la moyoni. Muthee akachagua swali jepesi kuhusu mchunga, mboga chungu ya kwao, akalikariri shambani mpaka mbuzi wakalizoea.

Siku ikafika. Muthee hakutaka kuaibika kwa mchunga usio mchungu, akazunguka mabondeni akionja majani, jua likazama angali njiani. Alipoingia, kila kiti kilikuwa na mtu, ila kimoja tu. Yehuda Wanjohi, mpanga meza, alikuwa amewahesabu wanajumuiya wote, kisha akamwekea Nabii Eliya kiti na kikombe cha fedha kilichojaa divai, kwani nabii huyo hungojwa kila Pasaka. Mwanafunzi alikuwa amemsahau.

Mchunga ulipokelewa kwa shukrani na ibada ikaendelea. Muthee akabaki amesimama ukutani kama mleta mzigo anayengoja ujira. Iliuma. Akaamua moyoni kwamba akishauliza swali lake atakwenda nyumbani, na hatarudi tena.

Watoto wakauliza, wakajibiwa. Tirza akainua macho kutoka kitabuni.

“Mzee Muthee, sasa ni zamu yako.”

Muthee alifungua kinywa atoe lile la mchunga. Macho yake yakatua kwenye kikombe cha fedha.

“Mwalimu, huyu Eliya amewahi kufika hapa?”

“Bado, mzee. Tunamngoja.”

“Na kikombe chake hujazwa kila mwaka?”

“Kila mwaka.”

“Basi swali langu ni hili. Kwa nini usiku huu asiyefika ana kiti na kikombe, na mimi niliyefika sina pa kukaa?”

Yehuda alitazama meza yake, akamwona mtu aliyesimama, na aibu ikamshika.

“Nisamehe, mzee wangu,” alisema akiinuka. “Na wazee husema Eliya hupita akiwa na sura ya mtu wa kawaida. Nani ajuaye, huenda ndiye wewe.”

“Mimi ni Muthee wa viazi,” akajibu, “na nina kiu.”

Wakacheka, Tirza wa kwanza. Yehuda akakivuta kiti cha nabii, akamkalisha Muthee, na kila mmoja akapunguza divai yake kidogo katika kikombe kingine kitupu, kikajaa. Alipomkabidhi Muthee, Yehuda akasema, “Kikombe cha ajaye kisimnyime aliyefika.”

Muthee akanywa. Halafu akauliza kuhusu mchunga. Akauliza kuhusu Farao, kuhusu mikate isiyochachuka, kuhusu ile bahari. Yote aliyoyameza Sabato baada ya Sabato yalimtoka usiku ule, na Tirza akayajibu mpaka watoto wakalala mapajani mwa mama zao. Hakukumbuka tena kwamba alikuwa amepanga kuondoka.

Siku hizi mpanga meza ni yeye. Ndiyo maana mmemwona akiweka kiti cha ziada pale mlangoni kabla hajagusa kikombe cha nabii. Eliya hajafika bado, lakini kiti kile hakijamaliza Pasaka hata moja bila mtu. Kikombe cha ajaye kisimnyime aliyefika.