Kwa Nini Mlima Dakabori Hauna Njia

Ilikuwa Jumatano, siku ya ishirini na mbili ya mwezi, katika mwaka wa tatu tangu mvua ikatike, jua likiwa limepanda kimo cha fimbo moja juu ya jangwa. Yaani saa moja na robo asubuhi. Wapo wasemao ilikuwa Ijumaa jioni. Hakuna mwenye akili zake aliyewahi kuanza kuupanda Mlima Dakabori jioni.

Zama hizo mlima huo ulikuwa na njia. Mzee Elema Dabaso aliitengeneza ujanani mwake kwa kupandanisha jiwe juu ya jiwe kila baada ya hatua chache, kutoka kwenye changarawe za chini hadi kileleni, ambako mwamba umebonyea na kuhifadhi maji ya mvua. Sheria ya maji hayo ilikuwa moja: afikaye kwanza hanywi kabla hajapiga ukelele mara tatu, ili walio chini wajue kuwa yapo, nao wapande.

Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya Galgallo, mwana wa Elema, kwenda kutazama. Alipopita na kiriba chake cha ngozi, Adho, mke wa jirani, alimtania.

"Shemeji, upige ukelele mapema. Koo lako limekauka kuliko hicho kiriba."

"Nikinyamaza, jueni nimekunywa yote."

Wakacheka. Mzee Elema, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakucheka. "Ukinyamaza nitakufuata," alisema. "Mawe yangu nayajua kwa viganja." Galgallo alidhani ni majivuno ya uzee.

Alipanda mpaka jua likawa utosini, miiba ikimchana miguu, mwamba ukimuunguza mikono. Kileleni alikuta maji. Aliyapima kwa macho: viriba vitano, wala si zaidi. Kambini zilikuwa kaya kumi na moja, na katika kaya yake binti yake Kabale alikuwa na homa, midomo imempasuka. Galgallo alifungua kinywa apige ukelele. Akakifunga. Kisha akainama, akanywa.

Alipokwisha kujaza kiriba, aliteremka akiyapiga teke mawe ya baba yake, rundo baada ya rundo, ili asije mwingine akayafikia maji yale. Yeye njia aliijua moyoni. Alipofika kwenye bega la mlima, aliiacha njia na kushuka kwa korongo la upande wa pili, pasipo na nyayo za mtu, asionekane na kiriba kilichojaa. Korongo lilimchelewesha. Akakificha kiriba kwenye kichaka, akaingia kambini magharibi.

"Juu ni pakavu," alisema.

Adho alimtazama, akatazama nyuma yake. "Na mzee umemwacha wapi?"

"Mzee yupi?"

"Baba yako. Adhuhuri ilipopita bila ukelele, alisema umeanguka. Tulimzuia, hakusikia. Alisema hata pakiwa pakavu ungeita, tujue u hai."

Walimpata asubuhi ya tatu, chini ya genge, karibu na mahali mawe yalipokoma. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka hadi nyama kwa kupapasa miamba akitafuta rundo lililofuata. Kambi nzima haikuwa na maji ya kumwosha maiti. Galgallo alikwenda kichakani, akarudi na kiriba kimejaa, akakiweka chini mbele ya watu wote. Maji yale ndiyo yaliyomwosha mzee. Na Kabale, ambaye maji hayo yaliibwa kwa jina lake, hakuonja hata tone.

Na tangu siku hiyo Mlima Dakabori hauna njia. Hakuna anayeweka jiwe juu ya jiwe pale. Kila apandaye hujitafutia mahali pa kukanyaga, peke yake, na afikapo kileleni hupiga ukelele mara tatu, hata kama bonyeo la mwamba ni vumbi tupu.

Wapo wasemao majini ndio waliotawanya mawe yale. Wengine hudai ni tetemeko la ardhi. Tetemeko halianzii kileleni likakoma begani. Ulikuwa mguu wa mtu, na jina lake limekwisha tajwa.